Sikio Kwanza, Kamera Baadaye: Kumchagua Mwongozaji wa Kurekodi Onyesho la Bendi ya Roki

Ndugu wanamuziki, mameneja, mafundi wa sauti na taa, nanyi wapiga picha mliokaa kule nyuma: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, namna bendi ya roki inavyoweza kumpata mtu wa kuongoza filamu ya onyesho lake la jukwaani. Ni jambo ninalolipenda, na ni jambo linaloniuma, kwa sababu maonyesho mengi mazuri yameharibiwa na watu waliokuwa na kila kifaa isipokuwa masikio.

Kauli yangu naitoa mapema ili mnipinge vizuri. Mwongozaji wa onyesho la muziki apimwe kwanza kwa anavyosikia. Anayejua kwamba gitaa la besi ndilo linalobeba ubeti wa pili atajua kamera iende wapi. Asiyejua atafuata mdomo wa mwimbaji usiku kucha. Solo, yaani kipande ambacho ala moja inaongoza, ikianza, atatuonyesha mpiga dramu akijifuta jasho, na kamera itafika kwenye vidole vya mpiga gitaa solo ikiwa imekwisha. Mmeshaziona filamu za namna hiyo. Zina picha safi, zina taa nzuri, na mtu akizitazama anahisi kuna kitu kinamchosha bila kujua ni nini. Kinachomchosha ni kwamba jicho linapelekwa huku, sikio linavutwa kule.

Wacha niwaeleze kinachotokea usiku wenyewe, maana wengi wenu mnakuwa jukwaani na hamjawahi kukiona. Nyuma ya ukumbi, au ndani ya gari la matangazo lililoegeshwa nje, mwongozaji ameketi mbele ya ukuta wa skrini ndogo, kila skrini ikiwa na picha ya kamera moja. Anaongea na wapiga picha wote kwa pamoja kupitia hedifoni. Pembeni yake yupo msaidizi mwenye karatasi ya wimbo, na kazi yake ni kuhesabu vipimo, yaani mafungu ya mapigo ya wimbo, kwa sauti: nne, tatu, mbili, kiitikio! Sasa chukueni wimbo unaokwenda mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne kwa kila kipimo. Kipimo kimoja kinadumu sekunde 2. Solo ya vipimo vinane inakwisha katika sekunde 16. Ndani ya muda huo mpiga picha anatakiwa amtafute mpiga gitaa, apange picha, aweke lenzi sawa, ndipo picha ihamie kwake. Mwongozaji anayemwita mpiga picha pale solo inapoanza ameshapoteza sehemu yake nzuri. Inabidi aite vipimo viwili kabla, na hilo haliwezekani asipoujua wimbo kama nyinyi mnavyoujua.

Ndiyo maana nawaambia mameneja: mtu akija kwenye kikao cha kwanza akaanza kwa kuuliza mna bajeti ya kamera ngapi, mshukuruni, mpeni maji, msikilizeni, lakini msisaini. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mtu wenu ni yule anayekuja ameshasikiliza albamu, ana maswali juu ya wimbo wa tano, anataka kujua kama jukwaani mnaurefusha ule mwisho au mnaukata kama kwenye rekodi.

Nitoe mfano ambao watu wa kazi hii wanaujua vizuri. Tarehe 25 Novemba 1976, bendi ya The Band ilifanya onyesho lake la kuaga katika ukumbi wa Winterland, San Francisco, na aliyeongoza filamu alikuwa Martin Scorsese. Filamu hiyo, The Last Waltz, ilitoka mwaka 1978. Scorsese alizipanga nyimbo moja moja, akaoanisha taa na mwendo wa kamera na maneno yanayoimbwa. Alikuwa na kamera saba za filamu ya milimita 35, na nyuma ya kamera hizo walisimama watu wa daraja la Michael Chapman, Vilmos Zsigmond na László Kovács. Maandalizi zaidi ya hapo ni vigumu kuyapata. Hata hivyo, kamera za filamu zinahitaji kubadilishiwa mikanda, injini zinachoka, na usiku ulikuwa mrefu. Muddy Waters, mwimbaji wa blues, alipopanda kuimba “Mannish Boy”, kamera zote zilikuwa zimezimwa isipokuwa moja, ya Kovács. Yeye alikuwa amechoshwa na maagizo yasiyokatika, akavua hedifoni zake mapema, kwa hiyo hakusikia amri ya kusimama. Aliendelea kurekodi, na leo kile kipande ni miongoni mwa vinavyopendwa kuliko vyote katika filamu nzima.

Wapo wanaokitumia kisa hicho kusema maandalizi hayana maana. Mimi nakisoma tofauti. Kovács alijua kwamba Muddy Waters akisimama mbele ya maikrofoni hakuna kuzima kamera, kwa sababu alikuwa akisikiliza jukwaa. Mwongozaji mzuri huajiri watu wa namna hiyo. Kwa hiyo mnapomhoji mwongozaji, muulizeni pia juu ya wapiga picha wake. Ni kina nani? Wamewahi kupiga picha za muziki? Kuna wapiga picha hodari wa mpira wa miguu na wa habari ambao mkono wao hautetereki, lakini hawajui kwamba mpiga gitaa anayerudi nyuma hatua mbili kuelekea spika yake huenda anataka kupandisha sauti, na kwamba kuna jambo linakuja.

Filamu hiyohiyo ina funzo la pili, chungu kidogo. Levon Helm, mpiga dramu na mwimbaji wa The Band, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1993 alilalamika kwamba filamu ilimwinua mno Robbie Robertson, mpiga gitaa, huku Richard Manuel na Garth Hudson wakionekana kwa nadra. Robertson ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa filamu hiyo. Sina haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba bendi ilicheza pamoja kwa miaka mingi, kisha ikaachwa na ugomvi juu ya nani alionekana na nani hakuonekana. Mambo haya yazungumzwe kabla mwongozaji hajaitwa. Kaeni wenyewe, mlango ufungwe, mjibu swali hili: filamu hii ni ya nani? Ni ya mwimbaji na wenzake, au ni ya watu watano wenye uzito sawa? Majibu yote mawili ni halali. Kosa ni kumwachia mwongozaji ajibu swali hilo peke yake kwenye chumba cha uhariri, miezi mitatu baada ya onyesho.

Linganisheni na bendi ya Talking Heads. Desemba 1983, kwenye ukumbi wa Pantages huko Hollywood, Jonathan Demme alirekodi maonyesho yao, na mwaka 1984 ikatoka Stop Making Sense. Onyesho lenyewe lilikuwa limeshajengwa na bendi. David Byrne anaingia peke yake kwenye jukwaa tupu na gitaa. Wimbo unaofuata anaingia Tina Weymouth na besi, kisha Chris Frantz kwenye dramu, kisha Jerry Harrison, na wengine wanaongezeka hadi jukwaa linajaa watu tisa. Demme alielewa kwamba hadithi ilikuwa tayari ipo na hakuhitaji kuleta nyingine. Akatumia picha ndefu, akaacha watu wawili watatu waonekane kwa pamoja wakipeana tabasamu na midundo. Mashabiki karibu hawaonekani kabisa mpaka mwishoni. Walipojaribu kuwamulika watu ukumbini ili kamera ziwaone, mashabiki waliganda na bendi ikapoteza raha, na mpango huo ukaachwa. Naipenda sana hatua hiyo ya Demme. Kuna waongozaji wanaodhani onyesho bila nyuso za mashabiki wanaolia si onyesho, na wako tayari kuwaharibia usiku watu waliolipa kiingilio ili wapate picha tatu za machozi.

Hapo nigusie aina za waongozaji, maana wakati mwingine mnamkataa mtu mzuri kwa sababu tu si wa kazi yenu. Yupo aliyekulia kwenye televisheni ya moja kwa moja. Huyu anakata picha papo hapo na hana wasiwasi. Hamish Hamilton, aliyeongoza filamu ya U2 pale Slane Castle mwaka 2001, ni wa shule hiyo, na ndiye ambaye baadaye amekuwa akiongoza maonyesho ya mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, tangu mwaka 2010. Kama onyesho lenu litarushwa mubashara, msitafute mtu mwingine zaidi ya mwenye uzoefu huo. Yupo wa filamu za maisha halisi, ambaye anabeba kamera begani na kusubiri. Ndugu Albert na David Maysles, pamoja na Charlotte Zwerin, walikuwa wa namna hiyo walipowafuata Rolling Stones mwaka 1969. Tarehe 6 Desemba kule Altamont walijikuta wamerekodi hata kuuawa kwa kijana Meredith Hunter mbele ya jukwaa, na filamu yao ikawa ushahidi wa namna usiku ule ulivyokwenda vibaya. Mwongozaji wa televisheni pengine angehamisha picha kwenda kwingine. Kisha yupo wa video za muziki, anayependa picha fupifupi na rangi kali. Huyu simkatai, ila namwogopa kidogo, kwa sababu amezoea kwamba wimbo unarudiwa mara nyingi mpaka picha ipatikane. Jukwaani wimbo unapita mara moja.

Na mara chache anatokea mwenye wazo kubwa kuliko onyesho lenyewe. Adrian Maben aliwapeleka Pink Floyd Pompeii mwezi Oktoba 1971, wakapiga ndani ya uwanja wa kale wa Warumi bila shabiki hata mmoja, mchana kweupe. Wakati filamu za matamasha zilikuwa zimejaa bahari ya watu, yeye aliwaondoa watu wote akaacha mawe, spika na bendi. Ukikutana na mwongozaji mwenye wazo la namna hiyo, na wazo likakaa vizuri na muziki wenu, msihesabu filamu ngapi ameshafanya. Mkimbilieni.

Sasa tuje kwenye kumpima. Kila mwongozaji atawaletea video fupi ya kujitangaza, dakika mbili za picha zake bora juu ya wimbo mmoja. Itazameni kwa heshima, kisha iwekeni pembeni. Mwombeni wimbo mmoja mzima kutoka kwenye onyesho alilolirekodi, mwanzo hadi mwisho, na uwe wimbo wa polepole. Wimbo wa kasi unaficha mengi kwa sababu picha zinapishana haraka. Wimbo wa polepole unamweka mwongozaji uchi. Je, anaweza kukaa kwenye uso mmoja kwa sekunde 20 bila kuogopa? Tarehe 18 Novemba 1993 Nirvana walirekodi onyesho lao la MTV Unplugged, kipindi cha televisheni cha muziki wa ala zisizo za umeme, huko New York, mwongozaji akiwa Beth McCarthy. Katika wimbo wa mwisho, karibu na neno la mwisho kabisa, Kurt Cobain ananyamaza, anafumbua macho, anavuta pumzi. Kamera iko pale, karibu, kwenye uso wake. Mwenye papara angekuwa ameshaondoka kwenda kwa mpiga dramu.

Kisha utazameni wimbo huohuo tena mkiwa mmezima sauti. Kama kazi ni nzuri, mtaweza kukisia ubeti unaanzia wapi, kiitikio kinaingia lini, ala gani inaongoza. Zoezi hili nalipenda kuliko mahojiano yoyote.

Swali jingine la lazima: muulizeni ataanza lini kuongea na mbunifu wa taa wenu. Taa zinazopendeza kwa macho ya shabiki aliyeko ukumbini mara nyingi ni giza mno kwa kamera, au ni nyekundu tupu mpaka uso wa mwimbaji unageuka doa lisilo na pua wala mdomo. Skrini za LED nyuma ya jukwaa nazo zinaweza kuleta mistari na kumetameta kwenye picha kama kasi ya shata ya kamera, yaani kasi ya kufunguka na kufunga kwake, haikupangwa kuendana nazo, na hilo hujaribiwa kabla, siku ya kupima sauti. Mwongozaji anayejibu kwamba taa atazirekebisha kwenye uhariri hana jibu. Lakini pia jihadharini na yule anayetaka kumulika kila kona kama chumba cha upasuaji. Giza ni sehemu ya roki. Mwenye hekima ataomba taa kidogo usoni na ataiacha iliyobaki ibaki kama mbunifu wenu alivyoitaka.

Na orodha ya nyimbo mpeni. Shine a Light, filamu ya Scorsese kuhusu Rolling Stones iliyorekodiwa Beacon Theatre, New York, mwaka 2006, inaanza na mwongozaji akihangaika kuisubiri orodha hiyo mpaka dakika za mwisho. Scorsese anaweza kuvumilia hali hiyo, naye alikuwa na wapiga picha bora duniani. Mwongozaji wenu mpeni orodha wiki kadhaa kabla, mpeni na rekodi za mazoezi, na mkibadilisha wimbo mwambieni.

Nije kwenye haraka, maana haraka ndiyo inayoniudhi. Mwezi Julai 1973 Led Zeppelin waliamua, ziara yao ya Marekani ikiwa inaelekea ukingoni, kwamba wanataka filamu. Wakamwita Joe Massot, naye akakusanya watu wake mbiombio, na maonyesho matatu ya Madison Square Garden yakarekodiwa. Baadaye ikagundulika kwamba picha zina mapengo, kuna sehemu za nyimbo hazina picha inayotosha. Massot akaondolewa na Peter Clifton akaletwa. Mwaka 1974 bendi ikalazimika kusimama kwenye jukwaa la kuigiza katika studio za Shepperton, Uingereza, wakijifanya wako New York, na John Paul Jones aliyekuwa amepunguza nywele akavaa za bandia ili afanane na alivyokuwa mwaka uliotangulia. The Song Remains the Same ilitoka mwaka 1976, miaka mitatu baada ya onyesho. Bendi ile ilikuwa na fedha za kurudia. Sisi wengine hatuna. Mwiteni mwongozaji mapema, aje atazame maonyesho yenu mawili au matatu akiwa mikono mitupu, asimame sehemu mbalimbali za ukumbi, ajue mpiga besi wenu huwa anasogea upande gani.

Sauti nitaipitia haraka kwa sababu mafundi waliopo hapa wanaijua kuliko mimi. Kila ala irekodiwe kwenye mkondo wake, mashabiki wawekewe maikrofoni zao, na kamera zote ziendeshwe kwa saa moja na mashine ya sauti ili mhariri asipoteze wiki akizioanisha. Beatles walirekodiwa kwenye uwanja wa Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965 katikati ya makelele yaliyomeza kila kitu, na Januari 1966 wakalazimika kuingia studio London kurudia sehemu za sauti. Muulizeni mwongozaji nani anasimamia rekodi ya sauti. Akisita, tafuteni jina mtakalompa nyinyi.

Mkataba nao. Mambo mawili msiyaachie. La kwanza, picha ghafi za kila kamera, siyo filamu iliyohaririwa peke yake, ziwe mali ya bendi au angalau bendi iwe na nakala na haki ya kuzitumia. Filamu iliyokatwa vibaya inaweza kukatwa upya baada ya miaka 10 kama picha zipo. La pili, iandikwe nani ana neno la mwisho juu ya filamu kutoka. Rolling Stones walirekodi Rock and Roll Circus mwezi Desemba 1968, Michael Lindsay-Hogg akiongoza, na kazi ile haikuwafikia watu mpaka mwaka 1996. Lindsay-Hogg huyohuyo, mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 30 Januari 1969, aliwapandisha Beatles kwenye paa la jengo lao London, akaweka kamera paani, barabarani, jengo la jirani, na moja akaificha mapokezi nyuma ya kioo. Polisi walipofika kusimamisha makelele, waliingia moja kwa moja kwenye picha. Nampenda mwongozaji anayejiuliza mapema: nani atagonga mlango?

Kwa sababu kitu kitatokea. Tarehe 5 Juni 1983 U2 walikuwa warekodiwe kwenye ukumbi wa wazi wa Red Rocks, Colorado, Gavin Taylor akiwa mwongozaji, na mvua ikanyesha, ukungu ukashuka, watu wakataka kuahirisha. Bendi ilikuwa imeshaweka fedha zake. Wakaendelea. Mvuke, mawe mekundu na mienge ya moto juu ya miamba ndiyo iliyokuja kuwa sura ya filamu ile. Muulizeni mtu wenu afanye nini mvua ikinyesha, na msikilize kama anaanza na bima au anaanza na picha. Bima tunaihitaji, meneja ataishughulikia.

Mwisho wa yote mtabaki na majina mawili, pengine matatu, na bendi itagawanyika. Hapo fanyeni hivi. Mwiteni kila mmoja mazoezini na kamera moja tu, arekodi wimbo mmoja mzima bila kukata, wimbo alioambiwa siku chache kabla. Mlipeni kwa siku hiyo, kazi ni kazi. Kisha kaeni wote, fundi sauti na mbunifu wa taa wakiwemo, mtazame. Mwenye kamera moja analazimika kuamua kila sekunde amwangalie nani na amwache nani. Tazameni pale mpiga kinanda anapoingia: kamera iligeuka kabla hajabonyeza, au baada? Kazi mpeni yule aliyegeuka kabla.